Je, Mwalimu Aendaye Ng'ambo Amevunja Amana?

Ndugu msomaji, tuseme kijana wa Kirando, mwana wa mvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika, amehitimu ualimu wa hisabati, na shule ya watu binafsi huko Ghuba inamwita kwa mshahara asioweza kuuota Nkasi. Je, aende?

Wako wamwitao msaliti. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda kuleta chakula kutoka mbali. Asiporudi, amewasaliti waliomlisha. Mfano huo una nguvu. Walakini utazame vema: mtu yule alitumwa. Kijana wetu hakutumwa popote; ameketi nyumbani akingoja ajira ya serikali, ambayo waombaji wake huzidi nafasi kwa mbali. Na tangu 2016, elimu ilipotolewa bila ada, madarasa yamefurika, na ile kanuni ya mwalimu 1 kwa wanafunzi 45 katika shule za msingi mahali pengi imebaki karatasini. Watoto wanamhitaji, naye yupo, wala hakuna amwajiriye! Kumlaumu huyo ni dhuluma.

Mwingine ni yule aliyekwisha kuajiriwa. Huyu na aombe ruhusa, au aache kazi kwa barua ili nafasi apewe mwenziwe. Aondokaye kimya huku jina lake likiendelea kupokea mshahara awaibia watoto mara mbili: mwalimu wao na fedha yao.

Labda utasema: amelipa mkopo wa Bodi ya Mikopo, basi hadaiwi. Fedha hadaiwi, naam. Lakini aliyemfundisha kuandika jina lake alilipwa kwa kodi ya watu ambao wengine wao hawakupata kusoma, na deni hilo halina hati.

Tena si kila safari ni ya tamaa. Mwaka 1970 Oman ilikuwa na shule 3 tu za kisasa, na miongoni mwa walioijenga upya nchi hiyo walikuwamo wengi waliosomea Zanzibar. Hao walikwenda penye njaa. Shule ya matajiri ya leo yaweza kupata mwalimu mwingine kesho. Basi kijana, kabla ya kuuliza mshahara, na aulize ni nani atakosa asipokwenda, na ni nani atakosa akienda. Mkataba wa miaka 2 humrudishia swali hilo kila unapokwisha.