Ua la Mbuyu Katika Siku za Huzuni

Je, Mkristo ana ruhusa ya kufurahi wakati jirani yake analia? Swali hili tuliulizwa hapa Ruaha Mbuyuni na mama aliyekuwa amemzika mwanawe, aliyefariki kwa ajali ya barabarani. Siku chache baada ya matanga alijikuta akimcheka mjukuu wake aliyekuwa akimkimbiza mbuzi, kisha akaona aibu. Alitaka kujua kama amemsaliti marehemu.

Wanaopita kwa basi kati ya Mikumi na Iringa hutujua kwa joto na vitunguu. Sisi tunajua zaidi. Barabara hii ya kwenda Zambia hutuletea wateja, na hutuletea misiba. Lori likikatika breki Kitonga, huacha yatima mahali ambapo hatutafika kamwe. Bei ya kitunguu ikianguka wakati wa mavuno, ada ya shule huanguka nayo. Na Ruaha Mkuu, mto wetu, huko juu hifadhini umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993.

Basi mama yule hatukumwambia kwamba furaha ni agizo. Iko furaha ya kufumba macho, na makanisani tunaifahamu: vipaza sauti huongezwa ili kilio kisisikike.

Mwezi Juni 1525 Martin Luther alimwoa Katharina von Bora. Majuma machache kabla, maelfu ya wakulima walikuwa wameuawa huko Ujerumani (na maneno makali aliyoandika Luther juu yao hatuwezi kuyatetea). Rafiki yake Philipp Melanchthon alisikitika kwamba harusi imefanyika wakati mbaya. Tunamwelewa. Lakini wakati mzuri ungekuwa lini? Miaka minne baadaye, katika Katekisimo Ndogo, Luther alieleza mkate wa kila siku, akaweka humo mwenzi mwema, rafiki wa kweli, hali nzuri ya hewa na jirani mwema. Hakuvihesabu kuwa anasa ya kungojea amani. Tena ombi lenyewe li katika wingi: kila aombaye humwombea na mwenye njaa. Kicheko cha bibi kwa mjukuu wake kimo katika mkate huo, na marehemu hakunyang'anywa kitu. Ndivyo tulivyomjibu.

Na mambo madogo ya kushangaza, nayo yamo? Twatazame mbuyu uliotupa jina. Hukaa miezi mingi bila jani. Kisha ua jeupe hufunguka jioni, popo huja usiku kunywa utamu wake na kubeba chavua, na kesho yake ua limenyauka. Wengi wetu tunamhesabu popo kuwa wa wachawi. Kumbe ubuyu tunaowauzia wasafiri una deni kwake. Anayezoea kutazama hivyo, tunadhani, hachelewi kuona jiko la jirani lisilotoa moshi.

Kwa hiyo darasa la kipaimara sasa tunalianza kwa kuwauliza watoto wameona nini njiani. Juzi mmoja alimwona utingo amelala chini ya lori bovu juani, akarudi nyumbani kumletea maji. Mwingine aliuliza popo hulala wapi mchana. Katekisimo ikangoja kidogo. Tukatoka nao kwenda kutafuta.