Mbio Huanzia Majini

Andiko kuu: 1 Wakorintho 9:24–27
Soma pia: 2 Wafalme 5:1–14, Mhubiri 4:9–12, 2 Timotheo 2:5, Wagalatia 5:22–23



Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za mbio, hakuwa anawaandikia watu wageni kwa michezo. Karibu na mji wao, kila baada ya miaka miwili, palikuwa na mashindano makubwa ya Isthmia, na watu walitoka mbali kuja kutazama. Hakuhitaji kuwaeleza mbio ni nini. Hata sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa. Mtoto wa huku kwetu anajua kwamba mita 10,000 ni mizunguko 25 kabla hajajua kuzidisha mara saba. Ni kweli ama si kweli?

Lakini nataka leo tusimame kwenye neno moja tu la mstari wa 25. Paulo anasema mtu anayeshindana hujitawala katika mambo *yote*. Hakusema katika lile analoliweza, wala katika lile linalompa makofi. Amesema yote. Hilo neno ndilo limenikosesha usingizi wiki hii.

Kuna mchezo mmoja unaonisaidia kulielewa. Unaitwa triathloni. Ni michezo mitatu ndani ya shindano moja, bila mapumziko: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka kwenye baiskeli unakimbia. Uliingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney. Watu wazima katika Olimpiki huogelea mita 1,500, huendesha baiskeli kilomita 40, halafu hukimbia kilomita 10. Vijana wasiozidi miaka 19 hufanya nusu ya hiyo: mita 750 majini, kilomita 20 kwa baiskeli, kilomita 5 kwa miguu. Hapa kwetu mchezo huu bado ni mchanga, lakini vijana wameanza kuujaribu.

Mmoja wao ni binti wa kanisa hili. Amenipa ruhusa kusimulia, mradi nisimtaje jina. Huyu binti ni mkimbiaji. Katika mbio za nyika za shule, wenzake huwa wanagombania nafasi ya pili. Mwalimu wake wa michezo akamwambia ajaribu triathloni ya vijana huko Pwani. Akafikiri, “Mbio ninazo, baiskeli nimepanda tangu nikiwa mdogo, maji nitajikaza.” Akaenda.

Alitoka majini karibu mtu wa mwisho. Alipopata baiskeli yake, wenzake walikuwa wameshaondoka kwa makundi, akaendesha peke yake kilomita zote 20. Alipoanza kukimbia, akakimbia jinsi anavyojua. Akawapita tisa. Lakini waliokuwa mbele walikuwa mbele sana. Aliporudi alikuja ofisini kwangu akaniambia, “Pasta, Mungu amenipa miguu. Kwa nini aniaibishe kwa maji?”

Wapendwa, hilo swali si la huyo binti peke yake. Wewe uliyejaliwa sauti ya kuimba lakini huwezi kukaa na mtu wiki moja bila ugomvi, ni swali lako. Wewe unayehubiri moto mpaka watu wanaanguka, lakini deni la duka hulipi, ni swali lako. Tunapenda Mungu atupime kwa kile tunachokiweza.

1. Mbio huanzia mahali ulipo dhaifu

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme waogeleaji wazuri wanamaliza mita 750 kwa dakika 10, na binti wetu anamaliza kwa dakika 14. Amechelewa dakika 4. Sasa tuseme yeye anakimbia kilomita 5 kwa dakika 17 na wale wengine wanakimbia kwa 19. Ameokoa dakika 2. Kipawa chake ni cha kweli, na kimefanya kazi yake yote, lakini hakikuweza kulipa deni la majini.

Na kuna jambo gumu zaidi. Katika mashindano ya ngazi ya juu, ukiwa kwenye baiskeli na anayeongoza akakuzunguka, yaani akakupita kwa mzunguko mzima, waamuzi wanakutoa. Unaondolewa barabarani kabla hujavaa viatu vya kukimbia! Unaweza kuwa mkimbiaji bora kuliko wote uwanjani, na hiyo siku hakuna mtu atakayeona ukikimbia hata hatua moja.

Sasa rudi kwenye mstari wa 27. Paulo, mtu wa mafunuo, mtu wa miujiza, anasema anautiisha mwili wake kwa sababu anaogopa kwamba baada ya kuwahubiria wengine, yeye mwenyewe asije akaondolewa. Kama Paulo aliogopa, mimi na wewe ni nani?

Mfikirie Naamani. Jemadari mkubwa, shujaa, mtu anayesifiwa na mfalme wake. Alifika kwa Elisha na farasi na magari. Kama Elisha angemwambia akapigane vita, angekimbia kwa furaha, maana vita ndiyo kazi yake. Akaambiwa aende mtoni Yordani akajichovye mara saba. Akakasirika! Akataja mito ya Dameski. Kumbe shida yake haikuwa mto. Kule majini ujemadari wake haukumsaidia kitu. Majini alikuwa mtu mwenye ukoma kama mwenye ukoma mwingine yeyote. Na uponyaji wake ulikuwa huko.

Jirani yako mwambie: “Usikimbie maji.” Mwambie tena.

2. Usikubali kubaki peke yako barabarani

Kwa nini kuchelewa majini kunaumiza hivyo? Ni kwa sababu ya upepo. Katika mashindano ya vijana ya ngazi hiyo, waendesha baiskeli wanaruhusiwa kwenda kwa kundi. Aliye mbele anakata upepo, walio nyuma wanapumzika kidogo, halafu wanabadilishana. Kundi linaenda kasi kuliko mtu mmoja, na wote wanafika kwenye mbio wakiwa bado na miguu. Aliye peke yake anapigana na upepo wote mwenyewe. Binti wetu aliniambia kwamba alipoanza kukimbia, mapaja yalikuwa yameshachoka.

Mhubiri 4 inatufundisha kwamba wawili ni bora kuliko mmoja, kwa sababu mmoja akianguka mwenzake anamwinua. Mimi nimechunga kanisa miaka mingi kiasi, na nimeona wenye vipawa ndio huwa wepesi kujitenga. Hawaji ushirika wa nyumbani. Hawakai chini ya kiongozi. Wanasema, “Mimi na Mungu wangu tunaelewana.” Wanaendesha peke yao, na upepo unawamaliza polepole. Siku wanayohitajika kukimbia, hawana miguu.

3. Heshimu sheria ndogo

Kati ya kuogelea na baiskeli kuna eneo la kubadilishia. Hapo kuna sheria ambayo mtu anaweza kuicheka: lazima uvae helmeti na ufunge mkanda wake kabla ya kuigusa baiskeli. Ukiigusa baiskeli kabla ya kufunga, unapewa adhabu. Unaporudi, kuna mstari umechorwa chini, na lazima ushuke kabla ya kuuvuka. Ukiuvuka ukiwa juu ya baiskeli, adhabu pia.

Timotheo aliambiwa na Paulo kwamba anayeshindana havikwi taji asipofuata kanuni. Vijana, nisikilizeni. Nchi yetu imeona wanariadha wenye vipawa vikubwa wakipigwa marufuku kwa ajili ya dawa zilizokatazwa. Miguu ilikuwepo na mapafu yalikuwepo. Mkanda wa helmeti ndio haukufungwa. Na wewe uliye kazini, risiti ya uongo ya shilingi mia tatu ni mkanda wa helmeti. Ujumbe unaoufuta kwa simu kabla bibi yako hajauona ni mkanda wa helmeti. Amina? Naona amina zimepungua.

Lakini si kila mtu ana karama yake?

Mtu ataniuliza, “Pasta, Biblia si inasema karama ni mbalimbali? Mkono si mguu. Kwa nini mkimbiaji alazimishwe kuogelea?” Ni swali zuri, nami sitalikwepa.

Ni kweli, 1 Wakorintho 12 inasema Roho hugawa karama kama apendavyo. Hakuna anayepewa zote, na hupaswi kuona haya kwa karama usiyopewa. Kama huwezi kuimba, achana na maikrofoni, utusaidie! Lakini nenda Wagalatia 5. Hapo Paulo hazungumzi juu ya karama, anazungumza juu ya tunda. Na tunda la Roho haligawanywi. Hakuna mahali imeandikwa kwamba dada huyu amepewa upole, ndugu yule amepewa kiasi, na wewe umesamehewa uvumilivu kwa sababu unatoa unabii. Tunda lote ni la kila aliyeokoka.

Karama ndiyo mbio zako, tunda ndilo maji yako. Upako hautakuogelea kwa niaba yako. Roho Mtakatifu atakutia nguvu, atakushika usizame, lakini mikono inayopiga maji ni yako.

Mfano wa subira

Kule Uingereza kuna kijana wa London anaitwa Alex Yee. Simtoi kama mfano wa imani, namtoa kama mfano wa subira. Alikuwa mkimbiaji wa kweli: mwaka 2018, akiwa na miaka 20, alikuwa bingwa wa Uingereza wa mita 10,000, kwa dakika 27 na sekunde 51. Angeweza kusema, “Mimi ni wa mbio, nitabaki hapa.” Na mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa na sababu nzuri ya kuacha triathloni. Mwaka 2017, kwenye shindano huko Cagliari, Italia, alianguka vibaya na baiskeli. Alivunjika mbavu, akaumia uti wa mgongo, na pafu moja likaharibika.

Alirudi kwa maji na baiskeli ile ile. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, akapata fedha. Paris, Julai 31, 2024, alianza vizuri kwenye mbio lakini Hayden Wilde wa New Zealand akamwacha. Watu wakaona kwamba dhahabu imeenda. Zikiwa zimebaki mita chache tu za mamia, Yee akamfikia, akampita, akashinda kwa sekunde 6. Kipawa cha kukimbia kilimpa taji, lakini kwanza kilisubiri mita 1,500 za mto Seine na kilomita 40 za barabara. Wapendwa, kama kipawa chako hakijaonekana bado, pengine hakijafa. Pengine bado uko majini.

Neno kwa wazazi

Baba ya binti yule alimwambia aachane na maji, arudi kwenye kile kinacholeta pesa. Mimi simlaumu, karo ni karo, na njaa haingoji. Lakini nilikaa naye nikamwambia, “Mzee, mtoto si shamba la chai, kwamba tuhesabu tu kilo.” Kuna wazazi hapa wanaomwona mtoto mwenye mbio, ama sauti, ama akili ya hesabu, wanakamua hicho kimoja mpaka mtoto anakauka. Hajafundishwa kushindwa. Hajafundishwa kuomba msaada. Siku goti likiuma, hana kitu kingine kilichobaki ndani yake. Mzazi, mkuze mtoto mzima.

Binti yetu sasa huenda bwawa la kuogelea kila Jumamosi asubuhi. Sitawadanganya kwamba amekuwa wa kwanza. Bado wengi humtangulia kutoka majini. Lakini wiki mbili zilizopita aliniambia, “Pasta, sasa naliona kundi likiondoka. Zamani nilikuwa sioni mtu.” Mimi nikasema haleluya! Maana ukiliona kundi, siku moja utaliwahi.

Sasa nakuuliza wewe. Yordani yako ni gani? Je, ni hasira? Ni ulevi wa siri? Ni kusamehe ndugu mliyegombana naye juu ya shamba la marehemu? Usiniambie jinsi unavyokimbia. Niambie ni maji gani umeyakimbia. Yesu mwenyewe, ambaye hakuwa na dhambi ya kuoshwa, alishuka Yordani kabla ya kuanza huduma. Hatuombi twende mahali ambapo yeye hakutangulia. Shuka leo.

Tuombe

Baba, katika jina la Yesu, asante kwa vipawa ulivyotupa. Tusamehe kwa kuvitumia kuficha udhaifu wetu. Leo tunashuka majini. Tushike mkono tusizame. Walinde vijana wetu wanaokimbia, na dawa za uongo na njia za mkato. Wape wazazi hekima. Aliyebaki peke yake barabarani, umrudishe kundini wiki hii. Tusije tukaondolewa kabla ya kukimbia mbio ulizotuandalia. Amina.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Taja jambo moja unalolifanya vizuri, na jambo moja ambalo kipawa hicho kimekusaidia kuficha.
2. Soma 2 Wafalme 5:13. Watumishi wa Naamani walimsaidiaje? Ni nani anayeweza kukuambia ukweli namna hiyo?
3. Ni nani katika ushirika wetu anayeendesha peke yake kwenye upepo? Nani atampigia simu kabla ya Jumapili?