Mpira Wenye Shaka



Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, viwanja vya tenisi vya Dar es Salaam, Arusha au Nairobi huwa na wachezaji wa aina ya pekee. Watoto watakuja baadaye na wazazi wao. Saa hizi za mapema ni za watu wazima: mhasibu wa miaka 45, mama aliyeshauriwa na daktari ashughulishe mwili, mstaafu ambaye hakuwahi kushika raketi maisha yake yote. Ng'ambo ya wavu amesimama kijana mwenye kapu la mipira, na huyo ndiye kocha. Si wachache makocha wa kwetu walioujua mchezo huu wakiwa waokota mipira, wakiikimbilia mipira ya wanachama na kujaribu bahati yao kwa raketi za kuazima. Leo kijana huyo anamwamkia mama yule, "Shikamoo." Mama akishaitikia marahaba, somo linaanza: "Kunja magoti kidogo, mama. Tazama mpira, usinitazame mimi."

Hapo ndipo ningependa tukae kidogo wiki hii.

Ofisini mama huyu akifungua mdomo watu hunyamaza. Kanisani huulizwa yeye kabla jambo halijapitishwa. Sasa anapiga mpira, unagonga uzio. Anapiga wa pili, unafia kwenye wavu. Na kila mara anasema, "Samahani, kocha." Umewahi kulitazama jambo hili? Mtoto wa miaka saba akikosa mpira hucheka na kudai mwingine. Mtu mzima huomba radhi. Amemkosea nani?

Naamini ugumu wa kujifunza ukubwani unaanzia hapa, hata kabla ya magoti na pumzi. Kwa miaka mingi tumepimwa kwa yale tunayoyaweza, nasi tukakubali kipimo hicho, mpaka kila kinachotushinda kikawa kama hukumu juu yetu. Makocha huiona hofu hiyo mkononi. Anayeanza huikaba raketi kana kwamba itaporwa. Msuli wa mkono hukakamaa, mshindo wa mpira hupanda hadi kwenye kiwiko, na baada ya majuma machache kiwiko huanza kuuma. "Legeza mkono," kocha husema. Ni neno jepesi kulisema, ila mtu hawezi kulegeza mkono akiwa anaogopa. Sharti kwanza ajue kwamba mbele ya huyu anayemfundisha yuko salama.

Je, ndivyo unavyosimama mbele za Mungu? Au nawe unaingia katika sala ukiwa umekaza vidole, ukiomba radhi kwa kila neno kabla hujalisema?

Namkumbuka Naamani, jemadari wa Shamu. Ushindi alikuwa nao, heshima alikuwa nayo, na ukoma pia. Aliyeonyesha njia ya kupona kwake alikuwa kijakazi, msichana aliyetekwa vitani. Alipofika kwa Elisha, nabii hakutoka hata kumlaki. Alimtuma mjumbe amwambie akaoge mara saba katika mto Yordani. Jemadari akakasirika. Watumishi wake ndio waliomtuliza, wakimwonyesha kwamba kama angepewa jambo gumu angelitenda bila kusita. Maandiko hayatuambii alijisikiaje alipoibuka mara ya tatu, mara ya nne, ngozi ikiwa ile ile, na askari wake wakimtazama kutoka ukingoni. Yanatuambia kwamba alitimiza zote saba. Mimi huona muujiza ulikwisha kuanza pale mtu mkubwa alipokubali kuelekezwa na wadogo.

Katika tenisi ipo mipira iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza. Mwaka 2007 Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilianzisha kampeni ya kuwafanya wanafunzi wapya wacheze na kufurahi tangu siku ya kwanza, na mipira hiyo ikawa nguzo yake. Mwekundu ni wa polepole kwa asilimia 75 kuliko mpira wa kawaida wa manjano, wa rangi ya chungwa kwa asilimia 50, wa kijani kwa asilimia 25. Anayeanza na mwekundu hucheza katika uwanja mfupi wa takriban mita 11, badala ya ule kamili wenye mita 23.77. Tangu mwaka 2012 kanuni zinataka mashindano ya watoto wa miaka kumi na chini yake yachezwe kwa mipira hii ya polepole. Mtu mzima naye inamfaa sana. Tatizo ni kwamba wengi wetu huikataa, kwa sababu ni ya watoto. Tunataka wa manjano, na tunataka kusimama nyuma kabisa kama wale wa kwenye televisheni. Basi saa nzima ya somo inaisha tukiokota mipira. Aliyekubali mwekundu na uwanja mdogo, dakika ileile, ameshaanza kurudishiana mpira na mwenzake, mara mbili, mara tano, mara nane bila kuangusha, na wote wawili wanacheka.

Mpendwa, mara ngapi tumeudai mpira wa manjano katika mambo ya roho? Tunatangaza mfungo mrefu, na bado hatujazoea dakika tano za utulivu asubuhi kabla ya kushika simu. Tunataka kumsamehe kwa siku moja ndugu aliyetudhulumu kiwanja cha urithi, na hatujafanya mazoezi ya kumsamehe aliyeturukia foleni benki. Kisha moyo ukishindwa lile zito tunasema, "Mimi si mtu wa kusamehe." Si kweli. Umepewa mpira wa kasi mno kwa siku ya leo. Nani amekukataza kuanza na mwekundu? Yule wa foleni anatosha kwa wiki hii. Na yule wa urithi hajasahauliwa na Mungu. Mkono wako unaandaliwa kwa ajili yake.

Wanaochunguza jinsi mwili unavyojifunza wameona kwamba mazoezi mafupi yaliyotawanywa katika siku kadhaa hukaa kuliko yale ya kulundikwa siku moja, na kwamba usingizi hufanya sehemu ya kazi. Mtu hulala akiwa na pigo lililomshinda, akaamka mkono ukiwa umelielewa kidogo zaidi. Jambo hili hunifariji sana. Uaminifu wa kila siku ni wetu, na mengine hufanyika tukiwa tumelala.

Lipo pia pigo la kuanzisha mpira. Ndilo gumu kuliko yote kwa anayeanza, maana mkono mmoja hurusha mpira juu na mwingine huja kuupiga, na mikono hiyo miwili haijazoea kusikilizana. Waliotunga kanuni za mchezo walimpa mpigaji nafasi mbili: wa kwanza ukienda nje au ukinaswa na wavu, unaanza tena bila kupoteza pointi. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua wengi ni kwamba mpira uliorushwa vibaya unaweza kuuacha. Maadamu hujaupungia raketi, unauacha udondoke, au unaudaka, unatulia, unarusha tena, na hakuna aliyekuandikia kosa. Wanafunzi wapya huukimbiza mpira mbovu hewani, wakapinda mgongo ili waupige tu kwa kuwa wameshaurusha.

Ningependa ulichukue hili nyumbani. Ujumbe wa hasira ulioandika kwenye simu na hujautuma. Neno lililofika kwenye ulimi jioni, mume amechelewa na chakula kimepoa. Umelirusha juu, ndiyo, lakini hujalipiga. Acha lidondoke. Mungu hakuwekei kosa kwa neno ulilolizuia, na aliye mbele yako huenda asijue kamwe ni nini alichoepushwa.

Na kama umeshalipiga? Petro aliwahi kutaka apewe idadi ya mara za kusamehe, naye akapewa jibu lililomwondolea kuhesabu. Sitaki kuliongezea jibu hilo.

Nije sasa kwenye kanuni ninayoipenda kuliko zote. Katika mechi za kawaida zisizo na mwamuzi, kila mchezaji huamua mipira inayoangukia upande wake. Ukipiga mpira ukaanguka karibu na mstari wangu, mimi mpinzani wako ndiye nitakayesema umeingia au umetoka. Na kanuni inaniambia: nikiwa na shaka, mpira ni wako. Niite "nje" pale tu nilipouona wazi kwamba umetoka. Tafakari jambo hilo. Maelfu ya watu duniani hucheza kila siku mchezo ambao penye shaka, faida humwendea mwenzako.

Aliwahi kuwepo tabibu mmoja katika mji wa Lynchburg, jimbo la Virginia, Marekani, Dakta Robert Walter Johnson. Alijifunza tenisi akiwa mtu mzima, baada ya kuvuma ujanani katika futiboli ya Kimarekani. Akajenga uwanja kando ya nyumba yake, na kwa miaka mingi akawa anawachukua vijana weusi wakati wa likizo, anawalaza nyumbani kwake, anawafundisha. Mikononi mwake alipita Althea Gibson, aliyeshinda Wimbledon mwaka 1957 na 1958, na Arthur Ashe, aliyeshinda mwaka 1975, miaka minne baada ya Johnson kufariki. Matunda hayo yote yametoka kwa mtu aliyeanza akiwa amechelewa. Wanafunzi wake aliwaagiza kwamba mpira wa mpinzani uliotoka nje kwa kadiri ya sentimita tano waucheze kana kwamba umeingia.

Sitaki niipambe hadithi hii kupita ukweli wake. Johnson alitoa agizo lile kwa sababu ya ubaguzi: kijana mweusi akibishania mstari mbele ya wazungu wa Kusini, ubishi huo ungetumiwa kumfungia mlango yeye na wenzake. Ulikuwa mzigo ambao hawakupaswa kuubeba. Basi nisikike vizuri. Upo mpira ambao umetoka nje wazi, na kuuita "nje" ni kusema kweli. Mke anayepigwa hana mpira wenye shaka mbele yake, na anayemwambia avumilie kwa jina la upendo anamwongezea jeraha. Msamaha haujawahi kudai tuseme uongo juu ya kilichotokea.

Ila jichunguze pamoja nami. Magomvi mengi ya nyumba zetu ni ya mpira wa namna hiyo? Mengi ni ya mstarini. Ni sauti aliyoitikia nayo "sawa". Ni wifi ambaye hakukusalimia msibani, na hujui kama alikuona. Ni rafiki aliyesoma ujumbe wako juzi na hajajibu. Mwanakwaya aliyesema jambo ambalo lingeweza kuwa juu yako. Sisi ndio waamuzi wa upande wetu, na jicho la mtu aliyechoka huona nje mipira mingi iliyogusa mstari. Umeuona wazi? Au umesikia tu mshindo wake, ukaamua kwa uchungu wa jana?

Mama yule anayejifunza anahitaji kanuni hiyohiyo juu yake mwenyewe. Jioni akijipima, aliyokosa ataikumbuka yote. Je, ile iliyogusa mstari ataihesabu? Nawe, siku yako ya leo ilikuwa na subira kidogo ambayo hukuipa alama. Ipe.

Kisha tazama walio karibu nawe, maana wapo wanaoanza ukubwani na hakuna aliyewanunulia raketi. Bibi anayejifunza kusoma kwa ajili ya Biblia yake. Kijana wa miaka 30 anayejaribu kuishi bila pombe. Baba wa miaka 55 ambaye hakuwahi kumsikia baba yake mzazi akisema "nisamehe", na sasa, amesimama mlangoni mwa jikoni, analijaribu neno hilo kwa mara ya kwanza. Atalisema vibaya. Pengine atasema "kama nimekukosea", kwa sauti iliyopanda kidogo, akitazama pembeni. Wewe ndiye mwamuzi wa upande huo. Mpira huo, mpendwa, umeuona wazi kwamba umetoka?