Oili Chafu ni ya Nani?

Arua ilipata hadhi ya jiji Julai 2020, lakini hapa Ediofe, kama kwingine jijini, maisha bado yanategemea pikipiki. Nyingi ni Bajaj Boxer za bodaboda, na wapo wenye pikipiki wanaobadilisha oili ya injini wenyewe uani. Kazi yenyewe si ngumu. Injini huwashwa dakika chache ili oili ipate joto, karai huwekwa chini, nati ya kumwagia hufunguliwa kwa spana, na oili nyeusi hutoka. Kisha nati hukazwa na oili mpya, kama lita moja hivi, humiminwa. Kwa njia hiyo mtu huokoa ujira wa fundi, na hakuna ubaya katika kuokoa. Swali langu linahusu kilichobaki katika karai. Oili ile sasa ni ya nani?

Wengi watajibu kwamba si ya mtu, ni taka tu, na taka humwagwa. Katika insha hii ninadai kwamba oili ile bado ni ya yule aliyeitumia, na kwamba anayeifanya kazi hii nyumbani anabeba wajibu mzito zaidi kuliko anayempelekea fundi.

Kwanza tuangalie oili hiyo imefanya nini. Katika baadhi ya pikipiki kubwa, kama Harley-Davidson nyingi, mnyororo unaounganisha injini na klachi una chumba chake na oili yake. Katika Boxer oili moja hulainisha pistoni, klachi na gia. Kila kinachosagika humo ndani huishia ndani ya oili: masizi, chembe za chuma, mabaki ya petroli. Weusi wake umetokana na safari zangu. Ikiwa nimekula faida ya safari hizo, nitaukanaje uchafu wake?

Pingamizi la kwanza ni kwamba lita moja ni kitu kidogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na methali hiyo haichagui kati ya mema na mabaya. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, hueleza kwamba oili chafu inayotolewa katika gari moja mara moja tu inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi. Pikipiki ina oili kidogo kuliko gari, lakini pikipiki zetu ni nyingi, na oili yake hubadilishwa mara kwa mara. Ediofe ni mlima. Mvua ikinyesha, kilichomwagwa uani huteremka na maji hadi mabondeni, na mto Enyau ndio unaolisha mabomba ya mjini. Aliye bondeni na mtungi wake hakupanda pikipiki yangu wala hakuulizwa kama anakubali.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: serikali haijatuwekea mahali pa kupeleka oili hii mtaani. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 39, inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Hata hivyo kifungu cha 17 kinamtaja raia mwenyewe kuwa na wajibu wa kuyalinda. Naona mambo haya mawili hayafutani. Uzembe wa serikali unanipa haki ya kuidai serikali. Haunipi haki ya kumchafulia jirani kisima.

Pingamizi la tatu ni la watu wa vitendo: oili chafu ina kazi, maana hupakwa kwenye nguzo za ua ili mchwa wasizile. Ni kweli, na ni afadhali kuliko kumwaga ovyo. Lakini nguzo nayo hunyeshewa, na bustani ya mboga mara nyingi iko hatua chache tu kutoka uani. Matumizi hayo yanapunguza deni, hayalimalizi.

Nimpelekeapo fundi pikipiki, ninalipia pia kutouona ule uchafu. Huenda naye ataumwaga, na hilo litakuwa swali lake na langu pamoja. Nikifanya kazi mwenyewe nyumbani, hakuna wa kusukumiwa. Mkono uliofungua nati ndio ulioshika karai. Kwa hiyo akiba ninayopata si yangu yote. Sehemu yake ni gharama ya dumu lenye kifuniko, la kuwekwa mbali na watoto, na ya safari ya kulipeleka karakana yenye pipa la kukusanyia oili chafu, hata kama iko mbali. Anayeona gharama hiyo ni kubwa mno ajiulize ni nani anayeilipa sasa.