Mtihani wa Rubani: Mwenye Kughushi Humdhulumu Nani?

Kuna suala ambalo twaona yafaa liulizwe waziwazi na lijibiwe kwa utulivu: mtu anapoghushi mtihani, humdhulumu nani? Wengi hujibu upesi kuwa hujidhulumu nafsi yake, kwa kuwa elimu aliyoikosa ni hasara yake mwenyewe. Jibu hili lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Ili upungufu wake uonekane, tumechagua kazi moja ambayo jambo hili haliwezi kufichika ndani yake, nayo ni kazi ya urubani wa ndege.

Neno hili rubani sisi watu wa pwani hatukulipata katika viwanja vya ndege. Tulikuwa nalo tangu zama za majahazi, likiwa jina la mtu ajuaye mlango wa bandari, miamba yake na mikondo yake, akakiingiza chombo kwa salama. Abiria aliyekaa juu ya shehena hakuwa na njia ya kumpima rubani yule. Alimwamini kwa kuwa wenye kuijua bahari walikwisha kumshuhudia. Hali ya abiria wa ndege ni iyo hiyo, bali ni nzito zaidi. Hamwoni rubani, hamjui jina lake, na lau angemwona asingejua amuulize nini. Kilichoko baina yao ni leseni tu, na leseni ni ushahidi wa wajuzi kwamba fulani tumemtahini tukamwona anafaa. Basi mwenye kughushi mtihani huo hakuiba alama peke yake. Ameutia uwongo ushahidi ambao watu wengine wameutegemea kwa roho zao.

Na tuyatazame yaliyotokea Pakistan mwaka 2020. Tarehe 22 Mei, zikiwa zimesalia siku mbili kufika Idi, ndege ya shirika la taifa, Pakistan International Airlines, ilitoka Lahore kwenda Karachi ikiwa na watu 99. Ilikaribia uwanja ikiwa juu kupita kiasi, ikagusa njia ya kutulia bila ya magurudumu, ikaruka tena, kisha injini zake zilizokwisha kuharibika zikazimika, nayo ikaangukia majumba ya watu. Walikufa 97 katika waliokuwamo, wakaokoka 2. Tarehe 24 Juni waziri wa mambo ya anga, Ghulam Sarwar Khan, alilieleza bunge kuwa marubani wa ndege hiyo walikuwa na sifa za kazi yao, ila walijiamini kupita kiasi, na fikira zao zilishughulishwa na mazungumzo ya maradhi ya korona. Kisha akatoa habari nyingine iliyoushtua ulimwengu: kwamba katika marubani 860 wa nchi hiyo, 262 hawakuifanya mitihani yao wenyewe, bali waliwaweka watu wengine wakawafanyia.

Namna jambo hilo lilivyogunduliwa lina mazingatio. Baada ya ajali ya ndege nyingine mwaka 2018, ilionekana kuwa mtihani wa rubani wake uliandikwa kufanywa siku ya mapumziko ya serikali, siku ambayo ofisi hufungwa. Uchunguzi ukaanzia hapo. Kadiri ya habari zilizotolewa, 121 katika wale 262 walitiliwa shaka katika karatasi moja tu, na 34 katika karatasi zote 8. Njia ya mwongo ni fupi: tarehe iliyoandikwa kwa mkono wa mwenye hila ndiyo iliyomfichua.

Sasa tuzijibu hoja za wale wanaolipunguza jambo hili.

Wa kwanza husema: Huyu aliyeghushi karatasi moja anajua kuendesha ndege, na yaliyomo katika karatasi ile hata hayatumii. Twajibu kuwa elimu ya hali ya hewa, ya uzito wa shehena, ya kutafuta njia na ya sharia za anga haikuwekwa kwa ajili ya siku njema. Siku njema ndege hufika hata kwa rubani mwenye upungufu. Elimu hiyo hulala miaka, ikaja kuhitajiwa kwa dakika mbili, wala hapana ajuaye mapema ni karatasi ipi itakayohitajiwa. Tena, nani aliyempa yeye ruhusa ya kuchagua lipi katika ya wajibu lina maana na lipi halina, hali wanaohatarishwa si yeye peke yake?

Wa pili husema: Amerusha ndege miaka kumi na hakumdhuru mtu. Twajibu kuwa salama haiigeuzi khiyana ikawa uaminifu. Shahidi akisema uwongo mbele ya kadhi, kisha hukumu ikasadifu kuwa ya haki, yeye bado ni shahidi wa uwongo. Na sote twaijua habari ya mwuza nafaka sokoni, ambaye Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika chungu yake akakuta umajimaji chini, akamkemea. Hakungoja kwanza aone kama mnunuzi ataumwa na tumbo. Kosa lilikwisha kutimia pale lilipofichwa la chini na kuonyeshwa la juu.

Wa tatu husema: Wakubwa wenyewe huuza mitihani, na asiyetoa hongo hapiti. Hoja hii ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa huenda msemaji wake amedhulumiwa kweli. Lakini abiria aliyelipa nauli hakumdhulumu. Haijuzu mtu aliyeonewa na mwenye nguvu kwenda kulipiza kwa mnyonge asiye na habari. Lawama ya aliyeuza mtihani ni kubwa kuliko ya aliyeununua, nasi hatuipunguzi. Ila lawama mbili hazifutani, hukaa pamoja.

Ama matokeo yake katika kazi, hayo hayakumfika mwenye kosa peke yake. Vietnam iliwasimamisha marubani wote wa Kipakistani waliokuwa katika mashirika yake, mwema na mbaya. Umoja wa Ulaya ulilizuia shirika lile kuruka katika nchi zake tangu Julai 2020, na zuio hilo halikuondolewa ila Novemba 2024. Uingereza ilingoja hata Julai 2025. Miaka minne na zaidi, kijana aliyekesha na vitabu vyake akafaulu kwa jasho lake alitazamwa kwa jicho lile lile alilotazamwa aliyemlipa mtu akae kitini mwake. Samaki mmoja akioza, huonekana wameoza wote.

Na hapa insafu yatulazimisha tuseme na upande wa pili. Baadaye leseni 50 zilifutwa, na wengi katika waliotajwa walionekana hawana hatia. Tena, kabla mwezi haujatimia tangu waziri kusema, mkuu wa idara ya anga ya nchi hiyo hiyo aliiandikia Oman kuwa leseni zilizotolewa na idara yake ni sahihi. Serikali moja, kauli mbili. Kuwatangaza watu mbele ya ulimwengu kabla ya kuthibitisha ni dhulma mbali, haihalalishwi na uovu wa wenye kughushi. Mwenye kutaka ushahidi wa kweli kwa rubani, naye na ashuhudie kwa kweli.

Basi afanye nini yule aliyeghushi na moyo wake ukamsuta? Majuto ya moyoni hayatoshi, kwani hii ni haki ya watu, na haki ya watu haifutwi kwa machozi ya faragha. Yampasa ashuke katika kiti kile, aseme alilolifanya, akae mtihani upya kama wenziwe. Twajua ni jambo chungu: kuna mshahara, kuna deni la masomo, kuna jina la ukoo. Kwa hiyo twaona ni wajibu wa wenye mamlaka kumwachia mlango anayekuja mwenyewe kabla ya kukamatwa, wasimtie katika hukumu moja na anayengoja afichuliwe. Pasipo na mlango watu hujificha, na wanaojificha huendelea kurusha ndege.

Nanyi wazazi, mwatafakari? Mwenye kumtafutia mwanawe karatasi kabla ya siku ya mtihani husema amemsaidia. Kweli amemfunza, na alilomfunza ni kuwa ushahidi huuzwa. Mtoto huyo kesho atakuwa rubani, au mganga, au fundi wa taa za umeme, na watakaompa roho zao hawatakuwa na njia ya kumpima. Ni afadhali arudi nyumbani ameshindwa, afunzwe tena, kuliko apite kwa uwongo akawabebe watu asiojua kuwafikisha.