Kutumai na Kutamani

Wako watu ambao wakielezwa habari za misitu inayoteketea katika nchi ya Wamaya, kule Petén, kaskazini ya Guatemala, hujibu kwa utulivu: Miti ilikatwa zamani ikarudi, na sasa itarudi vile vile. Maneno haya yana ukweli ndani yake, na ndiyo sababu ni ya kuogopwa.

Ni kweli kwamba Wamaya wa kale walikata miti mingi, wapate mashamba ya mahindi na kuni za kuchomea chokaa ya majumba yao. Nasi wapwani twajua tanuu la chokaa linavyokula kuni. Miji yao ilipokuwa mahame, yapata mwaka 900, msitu ukarudi, na matope ya chini ya maziwa yashuhudia kuwa haikupita miaka 300. Lakini wataalamu waliotoa matokeo yao mwaka 2018 waliona kwamba udongo, baada ya zaidi ya miaka 1,000, haujarudia nguvu yake ya zamani ya kuihifadhi kaboni, ambayo ikitoka huzidisha joto la dunia. Basi kilichorudi ni kile kionekanacho. Tena kilirudi watu wengi walipokwisha kuondoka! Ni nani atakayeridhika na faraja ambayo sharti lake ni yeye mwenyewe kutokuwapo?

Kutamani ni kungoja kitu bila ya kukishughulikia. Kutumai ni kungoja na mkono u kazini. Tofauti hii yaonekana Petén kwa macho. Mwaka 1990 Serikali ya Guatemala ilihifadhi hapo zaidi ya hektari milioni 2. Sehemu moja ikakatazwa kuguswa. Katika sehemu nyingine wanavijiji wakapewa mikataba ya miaka 25, wautumie msitu kwa kiasi. Laguna del Tigre, iliyokatazwa kwa sheria, imechomwa sana ili ipatikane malisho ya ng'ombe. Ama misitu ya Carmelita na Uaxactún, ambayo watu huingia na misumeno, imesimama. Kwani huko mti wa mahogani hukatwa kwa hesabu, na mkata majani ya xate, yauzwayo ng'ambo kwa kupambia maua, huacha mengine ili mti usife.

Sisemi kuwa wanavijiji ni malaika. Mikataba mingine ilifutwa, wenye nayo walipowauzia ardhi wafuga ng'ombe. Lakini mkataba wa Carmelita wa mwaka 1997 uliongezwa mwaka 2019 kwa miaka mingine 25, na wengi wa waliouomba hawataiona mahogani iliyo mche leo ikifikia kukatwa.