Adabu ya Kunyamaza Mbele ya Mzee Anayesahau

Penye wazee haliharibiki neno. Methali hii tumeifundisha miaka nenda miaka rudi, wala hatukumbuki mwanafunzi aliyewahi kutuuliza: mzee mwenyewe akilisahau neno, nani atalitunza? Swali hili lina uzito wa pekee Sherikat, mtaa wa Juba ulio ng'ambo ya mashariki ya Mto Nile, kando ya barabara iendayo Nimule. Kiswahili kinachosikika huko aghalabu ni kile walichorudi nacho watu kutoka Kenya na Uganda, walikokaa miaka mingi ukimbizini.

Tumfikirie bibi mmoja wa mtaa huo, muuza mboga. Asubuhi humwuliza mjukuu wake, "Baba yako amerudi?" Baada ya kitambo kifupi huuliza tena, kwa maneno yale yale. Mteja akizidishiwa chenji, binti huifuata kimya kimya. Siku bibi alipokikosa kitambaa anachofungia fedha alimtuhumu jirani kuwa mwizi. Kitambaa kikaonekana ndani ya chungu cha unga. Hakuna aliyesema neno. Ndivyo tulivyolelewa: mkubwa hakosolewi mbele za watu. Lakini yafaa tujiulize, kimya hiki ni heshima, au ni namna ya kumwacha bibi peke yake?

Si kila kusahau ni ugonjwa. Mtu kusahau jina la rafiki na kulikumbuka jioni ni jambo la umri. Kurudia swali lile lile kila mara, kupotea katika njia iliyozoeleka, kushindwa hesabu ya fedha au mapishi ya siku zote: hizo ni dalili za kumpeleka mtu kwa daktari. Hata hivyo bado si hukumu. Huzuni nzito, masikio yasiyosikia vema, upungufu wa vitamini B12, kasoro ya tezi ya shingo na hata baadhi ya dawa huweza kumfanya mtu aonekane amepotewa na kumbukumbu, na mengi katika hayo hutibika. Asemaye "ni uzee tu" hufunga mlango huo. (Asemaye "karogwa" hufunga hata dirisha.)

Kupima nako kuna haki yake. Mtu asiyepata kwenda shule akiulizwa tarehe au akipewa kalamu achore, kinachopimwa ni shule, si akili. Wataalamu waliofanya utafiti wilayani Hai, Kilimanjaro, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2013, walikadiria kuwa watu wapatao 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kutokana na kazi ya huko kikatengenezwa kipimo kisichohitaji kusoma: mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, hutaja wanyama, hueleza daraja ni kitu gani. Swali la daraja latupendeza. Mkazi wa Sherikat hulivuka kila aendapo mjini.

Lakini liko jambo ambalo njiti hazilipimi. Kumbukumbu ya mtu husahihishwa na waliokuwapo pamoja naye. Vita vya mwaka 1983 hadi 2005, kisha vile vilivyoanza mwaka 2013, viliwatawanya marika wa bibi huyu. Wengine wamezikwa asikokujua. Akichanganya kijiji na kijiji, nani atatambua? Mjukuu aliyezaliwa ukimbizini anajua yale tu aliyosimuliwa na bibi. Tena mara nyingi lugha zilizojifunzwa ukubwani ndizo hutangulia kufifia. Huenda bibi akarudia lugha ya utotoni mwake, naye mjukuu aliyekulia katika Kiswahili asiielewe. Sisi tunaofurahia kuenea kwa Kiswahili tusilipite jambo hili haraka.

Turudi kwenye lile swali la asubuhi. Baba wa binti hatarudi. Alikufa vitani, na bibi aliomboleza pamoja na wengine. Je, aambiwe ukweli kila aulizapo? Kila jibu la kweli ni msiba mpya, na baada ya kitambo kidogo utasahauliwa, ukabaki uchungu wake. Wako washikao kwamba uongo ni uongo. Sisi twaona kosa lilitangulia mbali zaidi. Tulinyamaza mwanzoni, wakati bibi alipokuwa na nguvu ya kuubeba ukweli: angaliweza kusema nani ashike fedha zake, angaliweza kutaja majina ya jamaa na mahali pa makaburi. Pengine yeye mwenyewe alikwisha kuhisi kabla yetu, akawa anajificha kwa kicheko. Wakati huo mtu mmoja amwaminiye alipaswa kuketi naye faraghani na kumwuliza, "Bibi, nawe umeona?" Tukaiita hofu yetu adabu. Sasa tunataka kuwa wakweli kwa mtu asiyeweza tena kuutumia ukweli huo.

Binti wa Sherikat hajibu kwamba baba amerudi, wala hasemi amekufa. Huacha kufunga mafungu ya mboga, akaketi karibu. "Bibi, nisimulie habari zake," husema. Naye bibi huanza, mara kwa Kiswahili, mara kwa lugha ambayo binti anaisikia nusu tu.